Mtu wa Kumi Siku ya Theluji

Mama mpendwa,

Muga, Mama. Natumai goti limekupa nafasi ya kushuka shambani ukaone ndizi, na kwamba yule ng'ombe mweusi amezaa salama. Mimi ni mzima, tena nimenenepa kidogo. Kendi, yule rafiki yangu wa Mikinduri, anakuja nyumbani likizo, nikaona afadhali nimpe barua. Kwa simu husikii vizuri, na Mutwiri akikueleza nilichosema anakifupisha mpaka kinabaki salamu tu.

Uliniuliza kama kweli watu wa huku wanashika Sabato, ama ni maneno. Mama, wanaishika kutushinda sisi Wasabato. Huyu nyanya ninayemtunza, ambaye wote tunamwita Savta, yaani nyanya kwa lugha yao, Ijumaa jua likienda kuzama chakula chote kimeshapikwa, kama vile ulivyotufundisha. Lakini wao hata swichi ya taa hawagusi. Simu zinazimwa, magari yanalala. Tena hawaruhusiwi kunituma mimi niwafanyie. Kwa hivyo Savta akitaka taa anakaa tu na kusema, "Kathure, naona kuna giza hapa." Halafu ananyamaza akiangalia ukuta. Mwanzoni nilikuwa namjibu, "Ndiyo, Savta, ni giza kweli." Siku hizi nimeshaelewa.

Sasa nikueleze ya Sabato iliyopita. Kijiji chetu kiko juu kabisa ya kilima, nyumba chache za mawe na barabara moja ya kupanda. Sabato hiyo ilikuwa siku ya kumkumbuka mzee Avraham, marehemu mume wa Savta. Kila mwaka siku aliyofariki, mtoto wake anasimama kwenye sinagogi na kumsomea sala. Mtoto huyo ni Eli, mwalimu huko mjini, na alikuja Ijumaa mapema kwa sababu hiyo. Lakini sala hiyo haisomwi mpaka wanaume kumi wawe pamoja. Wakiwa tisa, basi.

Ijumaa jioni dhoruba ilianza. Upepo ulivuma nikadhani mabati yatang'oka, halafu nikakumbuka nyumba hii haina mabati. Stima zikapotea. Tulipoamka, Mama, kila kitu kilikuwa cheupe. Ile theluji tunayoiona kwa mbali juu ya Mlima Kenya asubuhi mawingu yakiondoka, sasa ilikuwa mlangoni, imefika magotini. Niliichukua kwa mkono nikaionja. Haina ladha yoyote.

Eli alienda sinagogi akarudi baada ya muda, theluji imejaa kwa ndevu. Akamwambia mama yake kwamba wamefika watu tisa tu. Familia nyingi zilikuwa zimeshuka mjini kabla ya dhoruba. Hata mzee Shimon, ambaye hakosi, hakuja. Savta hakulalamika. Alivuta shali yake, akasema kwa sauti ya chini, "Basi mwaka huu Avraham atatungoja." Mama, uso wake ulinikata maini. Nikamwambia Eli arudi akakae na wenzake wasije wakatawanyika, mimi nitapita nyumba kwa nyumba kutafuta mtu. Nikavaa gambuti na makoti mawili, nikatoka.

Nyumba tatu za kwanza zilikuwa zimefungwa. Ya mwisho, pale kilima kinapoanza kuteremka, ni ya mzee Shimon. Ni mjane, anaishi peke yake, na ana maneno mengi kama Baba Muthomi jirani yetu. Nilishangaa kuona hakuna alama ya mguu hata moja mbele ya mlango. Nikabisha. Kimya. Nikabisha tena nikasikia kitu kama mtu anakohoa. Mlango haukuwa umefungwa na ufunguo.

Nilimkuta sakafuni jikoni, amelalia ubavu, amevaa nguo zake nzuri za sinagogi. Alikuwa ameteleza alipokuwa akijiandaa kutoka. Mikono yake ilikuwa baridi kama maji ya mto asubuhi, na midomo imebadilika rangi. Nilitaka kumwinua, lakini alipojaribu kusogeza mguu alilia, nikajua mfupa umeumia. Nikavuta blanketi zote kitandani nikamfunika, nikamwekea mto, nikawasha hita ya gesi. Nikapiga simu ya dharura. Wakasema barabara imefungwa na theluji, watatuma trekta itangulie mbele ya ambulensi, tungoje. Nikamwomba mzee asilale, nikakimbia.

Kwenye sinagogi wanawake wana mlango wao. Mimi niliingia kwa mlango wa wanaume na gambuti zangu, nikipumua kama ng'ombe wa kukokota mkokoteni. Wote waligeuka. Nilisema tu, "Shimon ameanguka." Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimepita hapo. Rabi, ambaye ndiye mchungaji wao, alikuwa wa kwanza kutoka. Njiani nilimwambia nimeshapiga simu, nikaogopa kidogo kwa sababu ni Sabato. Akaniambia, "Kama hungepiga, ningepiga mimi. Uhai kwanza." Mke wake ni nesi, na yeye akaja na mkoba wake.

Nesi akamwangalia mzee, akasema nyonga imevunjika, asisogezwe mpaka ambulensi ifike, lakini moyo unapiga vizuri. Tukamwekea mito pande zote, nikamnywesha chai kwa kijiko. Wale wanaume wote walibaki. Walisimama jikoni na sebuleni wakiwa wamekunja mikono, kama watu waliofika matanga mapema. Rangi ya mzee ilianza kurudi. Halafu akauliza sala ya Avraham imesomwa na nani.

Eli akamwambia haikusomwa, walikuwa tisa.

Mzee Shimon akaangalia watu waliomzunguka. Akasema, "Hesabuni tena. Ama mimi nimekufa?"

Rabi akaanza kucheka, na wote wakacheka, hata nesi. Eli akasimama pale katikati ya sufuria na viatu vyenye maji, akamsomea baba yake sala. Mimi nilibaki mlangoni nikalia, na sijui hata maneno yote.

Ambulensi ilifika mchana ikifuata trekta. Mzee amefanyiwa upasuaji na anaendelea vizuri, ingawa manesi wa hospitali wanasema anawachosha na hadithi.

Niliporudi nilimweleza Savta kila kitu. Aliuliza jambo moja tu: Shimon alisema amina? Nikamwambia alisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Akafuta macho, akasema, "Kathure, naona kuna njaa hapa." Chakula chao cha Sabato ni maharagwe, shayiri, viazi na nyama, kinakaa kwenye jiko la stima usiku kucha. Kwa vile stima zilipotea kilikuwa kimepoa, lakini tulimaliza sufuria.

Tukiwa bado mezani akaniuliza baba yangu alifariki msimu gani. Nikamwambia ni wakati wa kuvuna maharagwe. Akasema siku ikifika tutamwashia mshumaa. Nikamweleza kwa heshima kwamba sisi Wasabato hatuwashii marehemu mishumaa. Alifikiri sana. Kisha akasema, basi siku hiyo tutapika chakula alichokipenda, na mimi nimfundishe.

Sasa Mama, huo ndio msaada ninaotaka. Mukimo ya Baba naijua kwa mdomo, kwa mkono siijui. Mwambie Mutwiri aandike vile unavyosema, asifupishe: majani ya malenge unayaweka lini, na ndizi ngapi kwa viazi.

Nisalimie dada yangu Karimi, mumewe, na watoto wao. Nisalimie shangazi Nkatha, na mchungaji wetu, na Mutwiri mpwa wangu anayekusomea hii, asiruke mstari. Tunakuombea, mimi hapa na Savta kwa lugha yake.

Mtoto wako wa mwisho anayekupenda,
Kathure