Mtandao Hukatika Nikitaja Bondo

Bondo,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta barazani na kikombe chako cha chai, na kwamba lile goti halikusumbui tena asubuhi. Mama aliniambia Voi kumenyesha na mbaazi zimechanua, nikafurahi. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na samaki wa huku nimeshajua kumla bila kukwamwa na mwiba. Hayo ndiyo ya amani. Sasa niruhusu nikasirike kidogo, kwa heshima zote.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Kila nikitaja Bondo, mtandao wako hukatika. Nikiuliza habari za mbuzi, unanisikia vizuri sana. Nikisema tu "Baba, huku Bondo," unaanza, "Haloo? Haloo? Wakesho, sikusikii," kisha unampa Mama simu, na Mama ananisikia kama tumekaa meza moja. Barua haina mtandao, Baba. Hii utaisoma mpaka mwisho.

Juzi mke wa mchungaji alinipigia kunipongeza kwa "mafunzo ya nje" niliyotumwa na chuo cha jijini. Nani alimwambia nimetumwa? Nilihama, Baba. Sikutumwa, sikufukuzwa, na wala sina mimba, maana shangazi naye ameanza kuniuliza kwa kunizungukazunguka. Nilijaza fomu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilibeba muhtasari wa kila somo ofisi hadi ofisi nikitafuta mihuri, huku karani wa kule jijini akiniambia kila siku, "Kuja kesho." Nilikwenda hiyo kesho yake mara tisa.

Sababu ya kuhama nilishakueleza, ila mtandao ulikatika. Kule nilikuwa nasikilizia mhadhara dirishani, nimesimama kwenye maua. Alama zangu za muhula mzima zilipotea, na nilipoziulizia nikaambiwa pengine sikufanya mtihani. Miaka miwili ya afya ya jamii, na hadubini niliiona nyuma ya vichwa vya watu. Lakini wewe ulikuwa na raha, kwa sababu jina la chuo kile likitajwa, wazee wenzako wa reli walikuwa karibu wakuvulie kofia.

Huku hakuna anayevua kofia. Hata watu wa Kisumu, walio jirani kabisa, nikiwaambia ninasoma wapi huniuliza, "Kwani ulikosa nafasi kwingine?" Inachosha. Lakini Dakta Atieno, mwalimu wetu wa somo la maji, alinijua jina wiki ya kwanza, na hilo nalo lina adhabu yake, maana siwezi kukosa darasa hata moja. Ripoti yangu ameirudisha mara tatu. Mara ya tatu nililia chooni. Ilikuwa ya maji tuliyochota wenyewe, magoti ndani ya ziwa, pale kina mama wanapojazia mitungi. Tuliyapima, tukarudi kuwaambia tulichokiona, na mama mmoja akanishika mkono.

"Sasa nyathina, mtoto wangu, hiyo wadudu mimi naua aje?"

Sikuwa na karatasi ya kusomea. Nilimweleza polepole mpaka akaelewa, akamweleza mwenzake. Siku hiyo ndiyo niliyojua kuwa nimefika chuo kikuu.

Kwako bado ni aibu. "Mtu hashuki gari la abiria akapanda la mizigo," uliniambia, wewe ambaye utoto wetu wote ulitusimulia kwamba gari la mizigo ndilo lililolisha Kisumu!

Kilichonikera kuliko vyote ni yale mazishi. Ulisafiri kutoka Voi mpaka Kisumu kumzika rafiki yako wa reli, ukakaa siku tatu, na kutoka hapo mpaka hapa ni mwendo wa asubuhi tu. Nilifua mashuka. Nilikuwekea samaki. Ukanipigia ukiwa tayari ndani ya basi la kurudi: "Sikupata nafasi, mwanangu." Yule samaki nilimla na mwenzangu wa chumbani, kwa hasira. Ukaongeza kwamba umepoteza kitambulisho, pengine sokoni. Tangu hapo Mama ananiambia umekwenda kwa chifu, umekwenda polisi, umeapa kilikudondoka soko la Kisumu.

Jumatano nilikuwa natoka kununua sabuni. Mlinzi wa getini, Mzee Owuor, akaniita.

"Madam, wewe ndio Mwakio?"

"Ndiyo, mzee."

"Hii jina hapa hakuna mwingine. Baba yako aliacha kitambulisho yake. Nimeilinda mpaka nimechoka."

Nikamwambia baba yangu hajawahi kufika huku. Akanifungulia kitabu cha wageni. Mwandiko ni wako, Baba, zile herufi zilizonyooka za kujazia fomu za reli. Saa ya kuingia umeiandika mpaka dakika. Na pale penye sababu ya kuja umeandika: "Kumwona binti yangu, mwanafunzi wa chuo hiki."

"Nilimpatia beji ya mgeni," Mzee Owuor akasema. "Akasimama pale kwa miti. Akaniuliza, wale wa koti nyeupe ni madaktari? Nikamwambia hapana, ni wanafunzi wanatoka maabara. Nikamuuliza, mzee, nikuitie mtoto? Akasema, wacha, ako na kazi. Kugeuka nifungulie lori, mzee ameenda, na beji ameenda nayo! Mkubwa wangu ananisumbua na hiyo beji mpaka wa leo."

Saa uliyoandika ndiyo saa tunayotoka maabara. Kwa hiyo uliniona. Uliniona nimevaa koti jeupe, ukageuka. Nililia pale getini mbele ya watu, na hasira bado ninazo.

Nilimpigia Mama. Anasema alikuta kadi ya plastiki kwenye koti lako la mazishi, ukamnyang'anya, na sasa iko ndani ya Biblia yako. Umedanganya polisi, Baba, na beji ya watu iko ndani ya Biblia.

Basi sikiliza. Kitambulisho chako ninacho. Sikitumi kwa posta, wala kwa basi, wala kwa mtu. Kwanza mwambie mchungaji kile ulichokiandika kwenye kitabu cha Mzee Owuor. Halafu uje ukichukue mwenyewe, na beji yake uilete. Safari hii usisimame kwenye miti. Nitakukaangia samaki.

Msalimie Mama, msiri wangu. Msalimie shangazi, mwambie tumbo langu halina kitu ila ugali. Mdogo wangu Mghoi aache simu asome. Na mke wa mchungaji mpe salamu zangu za kweli, zenye jina la mahali zilikotoka.

Ni mimi binti yako, mwanafunzi wa chuo hiki,

Wakesho