Kopo Moja Mezani

Jumanne, 18 Juni 2019

Darla kapata kibali cha kuwinda kondoo dume wa mlimani! Kapata! Maelfu wameomba, wengine tangu wana nywele mpaka sasa vipara, na jina lililotoka kwenye bahati nasibu ni la binti yangu mimi. Nimelia juu ya unga wa biskuti. Nikampigia shemeji Wendell kwanza, makusudi – anaomba mwaka wa thelathini na moja huu, hajapata hata mkia. Akasema kompyuta imekosea. Wivu huo!

Orrin kasema risasi za mtoto atazitengeneza mwenyewe. Akacheka. Sijamwona mume wangu akicheka tangu Machi, daktari alipotuambia akili yake itazidi kufifia.

Jumamosi, 29 Juni

Maganda ya risasi yalifika Jumanne. Sabini, mapya, yanang'aa. Wajinga hudhani ganda jipya liko tayari kujazwa. Thubutu! Shingo zimebonyea njiani, tundu la fataki, ile inayowasha baruti, lina vinyuzi vya shaba ndani. Mikono ya Orrin inatetemeka, kwa hiyo nimefanya mimi. Nimenyoosha shingo kwenye mashine, nimekata midomo sawasawa, nimekwangua matundu, moja moja, siku nne. Kisha mizani. Shule niliishia darasa la tisa, lakini mizani siiogopi.

Orrin akapitisha ukucha kwenye mdomo wa ganda. "Bibie, hata kiwandani hawafanyi hivi." Naandika neno kwa neno, nilisome nikizeeka.

Jumapili, 7 Julai

Baruti hajaniachia. Hiyo kazi yake, kasema. Kajaza hamsini, na kila kitako cha ganda kakipiga mstari mwekundu, alama yake. Imepinda yote, mkono haumtii tena.

Nyumba hii mwenye kujaza ndiye hupiga ya kwanza, shavu lake mwenyewe kwenye bunduki, ndipo ampe mwingine. Tangu enzi za baba yake. Kaalika watu wote waje kumwona akipiga, Jumamosi ya tarehe ishirini. Nikamwambia Darla kwenye simu naona mapema mno. "Mama, mwache baba. Hiyo ndiyo furaha aliyobaki nayo."

Alhamisi, 11 Julai

Makopo mawili ya baruti mezani gereji. Yote wazi.

Kopo moja tu mezani! – Orrin kamfokea Darla hivyo tangu ana miaka minane. La pili ni baruti ya bastola. Krismasi lilikuwa limejaa, na bastola hakuna aliyeigusa tangu hapo. Sasa limepungua vidole viwili. Baruti hiyo ndani ya bunduki ya kondoo inapasua chuma. Na shavu la mtu liko palepale.

Nikamuuliza polepole, kama natafuta kitu kingine. "Unanifundisha mimi?" Nikaenda kumenya viazi.

Jumanne, 16 Julai

Aliposinzia baada ya chakula nikachukua nyundo yake ya kung'olea vichwa vya risasi. Baruti ya bunduki ni vijiti vidogo. Ya bastola ni vipande bapa. Nikamwaga kwenye kibakuli. Ya kwanza – vijiti. Ya pili – vijiti. Nikaanza kuimba, mjinga mimi. Ya tatu – bapa.

Sikumsikia akiingia. Akachovya kidole kwenye kibakuli.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

Ganda liko mezani, mstari wake mwekundu uko juu, unamtazama. Hakuuona. Au hakuutambua.

"Mimi," nikasema. "Nilijaribu kujaza."

Hakufoka. Akanishika bega kwa huruma – kwa huruma, jamani! "Ndiyo maana nasema kopo moja, bibie." Akabeba boksi lake, arobaini na saba zilizobaki, akalifungia kwenye sefu. Namba ya sefu hajaniambia maisha yangu yote. Hiyo hajaisahau.

Jumatano, 17 Julai

Nimempigia Darla mara mbili, nikakata mara mbili. Neno lenyewe halinitoki mdomoni. Mimi niliyemsifu mume wangu bonde zima!

Wendell kauliza alete nyama au bia. "Na mwambie kaka asinipige mimi, shemeji!" Nikacheka naye.

Orrin kanyoa ndevu, anapiga mluzi, anafuta mtutu. "Wewe usiguse baruti tena. Utaumia."

Nina maganda ishirini safi kabisa, matupu, na mstari mwekundu uliopinda naweza kuupiga hata mimi. Wote wanakuja Jumamosi.