Vibao vya Mwisho Kulia

Swahiba, soma hii ukiwa peke yako. Bado nimekaa karakana.

Leo nilikuwa nawaonyesha wanafunzi wangu jinsi ya kukaza nyuzi za piano. Nikamaliza zile fupi za mwisho kulia, zenye sauti nyembamba kabisa, nikawaambia, "Sikilizeni sauti inavyotulia."

Wakatazamana. Yule binti mcheshi akasema, "Fundi, hapo pametulia wapi? Panalia kama paka aliyekanyagwa mkia!"

Paka! Mimi sikusikia paka wala panya.

Nikagonga vibao vyake tena, kwa nguvu. Nilisikia mbao tu, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango. Wao wameziba masikio, wanacheka.

Mwenzake akadakia, "Wewe naye! Huoni fundi anatupima?"

Nikasema ndiyo, nilikuwa nawapima. Nikampongeza binti. Uso uliniwaka moto.

Wameondoka. Nimerudia kibao kimoja kimoja. Ko. Ko. Unajua sikuwahi kuwa na mwalimu. Masikio haya ndiyo yaliyonifundisha kazi.

Sasa nazifikiria nyumba zote nilizopita kukaza piano mwaka huu. Watu wananishukuru kwa adabu, nami naondoka nimewaachia paka ndani.

Hata wewe. Juzi nilipomaliza piano ya kwaya yako ulisema, "Tamu kama asali." Nenda kavipige vile vibao vya mwisho kulia, kisha uniandikie ukweli. Usinionee huruma, swahiba. Kesho asubuhi nasubiriwa nyumba nyingine.