Mfano wa Uongo Niliokupa

Papa,

Jumamosi iliyopita nilisema uongo mbele ya darasa lako. Sheria za darasa hilo ulizitunga wewe, kwa hiyo nakuja kuungama kwako, baba yangu, ingawa ni miezi mitano sasa tangu tulipokuzika.

Ndiyo, darasa ni langu siku hizi. Kituo cha lugha kilimwomba Mama niwashikie wanafunzi mpaka apatikane mwalimu, na hakuna aliyemtafuta huyo mwalimu. Tuko katika chumba kile kile cha nyuma, barabara ya Kasapa, na ubao bado una ule mpasuko unaokata kila neno refu vipande viwili. Wanafunzi ni tisa. Trésor bado yupo, yule kijana anayetoa mizigo forodhani Kasumbalesa na anayetaka Kiingereza cha kuwabembeleza madereva wa Zambia. Yule mwanafunzi wako mkunga yupo pia, na bado anaandika kila kitu kwa wino mwekundu ingawa ulimkataza. Wananiita Madame. Nikigeuka kuandika ubaoni najiona kama mwizi aliyevaa koti la mwenye nyumba.

Nimeishika sheria yako kubwa: hakuna mfano wa kubuni. Kila kitenzi kipya, kila mtu alete sentensi iliyotokea kweli katika maisha yake, na yeyote darasani ana haki ya kumhoji. Unamkumbuka yule aliyeandika kwamba mjomba wake ni rubani? Ulimwomba amlete mjomba Jumamosi inayofuata. Ikajulikana mjomba anafuga mbuzi watatu huko Kipushi, nawe ukafurahi kuliko kama angekuwa rubani, ukampigia makofi mtu ambaye hata hakuwepo. Ukatuambia juu ya Kiingereza chetu: "Anglais ya buongo haina kazi. Muntu akizoea kusema buongo mu luga ya bengine, ataisema na mu yake." Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele siku hiyo, msaidizi wako, nikitikisa kichwa kama mtu asiyewahi kudanganya.

Jumamosi ilikuwa zamu ya kitenzi protect. Tangu nianze kufundisha nimekuwa nikiirudisha kadi yake chini ya zile kadi nyingine za vitenzi ulizoniachia. Kila wiki naiona, kila wiki naizika tena. Safari hii zile nyingine zilikuwa zimekwisha.

Ulikuwa kitandani tulipoitengeneza kadi hiyo, wewe ukisema, mimi nikiandika. Ulilalamika kwamba watu wanachanganya mambo. Guard ni kazi ya mlinzi wa geti, anakaa pale hata kama hakuna mwizi. Defend ni pale mtu amekwisha kuinua ngumi. Protect inakuja mapema kuliko ngumi: unaweka kitu katikati ya mtu na kile kitakachomdhuru. Chandarua katikati ya mtoto na mbu. Bati katikati ya kitanda na mvua. Sheria katikati ya mpangaji na mwenye nyumba, na hapo ukacheka mpaka ukakohoa, kwa sababu mwenye nyumba wetu wa zamani hakuwahi kuisikia sheria hiyo. Ukaongeza kwamba mtu anaweza kukinga hata vitu visivyoshikika, jina lake, siri yake, na kwamba mwanafunzi mzuri akikutana na neno hili atauliza kwanza nani anayekingwa.

Kisha ukaniambia, "Sasa weye. Unipe mufano yako ya kweli."

Inabidi nikuambie siku ile ilikuwa siku gani kwetu, kwa sababu wewe hukujua. Mukendi, mwanao mkubwa, kaka yangu, alikuwa ana siku kumi na moja tangu afe. Shimo la madini alilokuwa akichimba kule Kambove lilimwangukia yeye na wenzake wawili.

Wewe ulikuwa umetoka hospitalini majuma mawili kabla ya hapo. Daktari alikuwa amesema moyo wako umechoka, upumzike, usishtushwe. Juu ya neno hilo moja dada yako Tantine Odia alijenga ukuta mzima. Alitukusanya nyumbani kwake, katika komini ya Kenya hapa hapa Lubumbashi, akasema: "Kaka yangu asisikie. Tumuchunge kwanza. Akipata nguvu, tutamuambia." Ningependa kumtupia Tantine mzigo wote, maana yeye ana mabega. Lakini nilikuwa mtu wa kwanza kukubali, Papa. Nilikubali kabla ya Mama.

Basi kilio kikakaliwa kwa Tantine, mbali na wewe. Mama alikuwa akikuaga kila asubuhi na kusema Tantine ameumia mguu, anaenda kumsaidia. Alivaa nguo nyeusi kule, akalia kule, akanawa uso kule, kisha akarudi kwetu Katuba na pagne yake, kitenge cha maua, kukupikia bukari, ugali wako. Wewe ukawa unamuuliza mguu wa Tantine unaendeleaje. Mimi nilipewa kazi ya kukaa nyumbani. Jirani akija na uso wa pole, namgeuza kabla hajavuka geti. Watoto wote wa avenue yetu, mtaa mzima, walionywa. Simu yako niliichukua, nikasema imeharibika, nikaifungia kwenye kabati langu ikiwa nzima kabisa.

Kwa hiyo uliponidai mfano, kichwani mwangu mlikuwa na Mukendi tu. Nikasema, kwa Kiingereza safi ulichonifundisha, kwamba kofia ngumu inamkinga kaka yangu na mawe. Ukainua kichwa kutoka kwenye mto. Ukaniuliza kama ni kweli, kama siku hizi anavaa kofia. Nikasema ndiyo, Papa, alinunua. Uso wako ulilegea, nikaona jinsi ulivyokuwa umekaza siku zote hizo. Mlikuwa mmeachana vibaya, wewe na yeye. Ulikuwa umemwambia kwamba mtoto wa mwalimu haachi chuo kikuu akaenda kuchimba kama panya, na aliondoka bila baraka yako. Sasa ukaniamuru sentensi hiyo niiandike juu kabisa ya kadi, iwe ya kwanza. Niliiandika. Herufi zake zimenyooka kabisa, na nikiitazama leo ndicho kitu kinachonitisha zaidi.

Baada ya siku hiyo ulianza kumngoja. Nafikiri ile kofia ilikupa tumaini, ukaona kijana ameanza kusikia maneno yako. Ukawa unauliza kama amepiga simu kwangu au kwa Mama. Nikakujibu alipiga ukiwa umelala. Mara ya tatu ukanitazama kama unavyomtazama mwanafunzi mwenye mjomba rubani. "Juu ya nini anapigaka tu wakati minalala?" Nikasema mtandao wa Kambove unasumbua. Nilikuwa na majibu mengi sana, Papa. Sikujua kama ninayo.

Ilipofika wiki ya sita hukuuliza tena. Sisi tukapumua. Tantine alisema unaonekana umetulia, kwamba ukizidi hivyo mwezi ujao tutakuambia. Siku mbili kabla hujatuacha nilikuwa nakulisha uji. Ukageuza uso ukutani.

"Mukendi alinitupa," ukasema. "Na minajua juu ya nini."

Nilikuwa nimeshika kijiko. Ukweli wote ulikuwa mdomoni mwangu, tayari, na nyumbani tulikuwa wawili tu, hakuna Tantine wa kunizuia. Nikasema, "Kunywa, Papa. Itapoa." Ukanywa. Ulikuwa mgonjwa mtiifu sana mwishoni.

Sasa sikia la Jumamosi. Trésor aliisoma sentensi ya kwanza ya kadi, akainua mkono kwa adabu zote, akatumia haki uliyompa. Akaniuliza huyo ndugu yangu anafanya kazi wapi, na kama bado anavaa kofia yake. Watu tisa wakanitazama, wakingoja kitu kidogo cha kweli. Nikawaambia yuko Kambove, anaivaa kila siku. Wakaandika kwenye madaftari yao.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kutoka Kasapa mpaka Katuba, na njia nzima lilikuwa likinisumbua lile swali lako la nani anayekingwa. Sote tulisema ni wewe. Tantine anasema hivyo hadi leo, kila Jumapili, kwamba tulifanya vizuri, kwamba ulikufa na amani, nami nainuka kwenda kuosha sahani ambazo tayari ni safi. Mama anavaa nyeusi mbele ya watu wote sasa, na anayemuuliza anamwambia ni ya watu wawili.

Haikuwa wewe, Papa. Labda siku tatu za kwanza, ulipokuwa hata kukaa huwezi. Baada ya hapo nilikuwa najikinga mimi. Niliogopa kuuona uso wako ukisikia. Niliogopa kuwa mimi ndiye niliyetamka, halafu moyo wako usimame, halafu watu waseme ni Ngalula aliyemuua baba yake. Ule ukuta wa Tantine, sisi ndio tuliojificha nyuma yake. Wewe tulikuacha nje peke yako, na aibu ya baba aliyekimbiwa na mtoto. Ulikuwa mtu mzima. Ulikuwa umezika wazazi wako na watoto wawili kabla yetu, na hakuna aliyekuuliza wakati huo kama moyo wako unaweza. Nisamehe. Sijui kama kunasamehewa huko uliko, lakini naomba.

Jumamosi hii nitaifuta sentensi ile mbele yao. Nitawaambia niliwadanganya wao na nilikudanganya wewe, na wanihoji wanavyotaka, hata Trésor. Na nakuahidi kwamba sitamchagulia tena mtu mzima huzuni anayoweza kuibeba na asiyoweza. Mama akiugua, nitamwambia kila kitu. Tantine pia, na yeye nitamwambia kwa furaha kidogo.

Lakini wewe unapaswa kuambiwa kabla ya wote. Ungekuwa hapa ningekukalisha kwanza, ningemwita Mama akae upande wako, ningekushika mikono yote miwili. Nifikirie nimeishika.

Papa, Mukendi amekufa. Shimo lilimwangukia asubuhi, Kambove, na wenzake waliokuwa nje walimtoa kwa mikono yao kabla ya jua kuwa kali. Hakuwa na kofia. Tulimzika Likasi. Mama alimwona, anasema uso haukuumia.

Kuna neno jingine, na hili nilikuwa nalo tangu siku ya pili ya kilio. Rafiki yake wa kuchimba ndiye aliyelileta. Nilikuwa nalo nilipokuwa nikikulisha uji, na sikukupa, kwa sababu lisingeweza kutoka bila kifo chake kutoka nalo. Mukendi alikuwa amesikia kwamba unaumwa. Asubuhi ile aliingia shimoni mara ya mwisho tu, nguo zake zikiwa zimekwisha kufungwa, maana lori la kumleta Lubumbashi lilikuwa linaondoka saa sita mchana. Alimwambia huyo rafiki: "Minaenda kumuomba Papa pardon."

Pumzika sasa. Mwanao hakukutupa, Papa. Alikuwa anakuja kwako.

Binti yako,
Ngalula