Kisanduku cha Maswali cha Maktaba

Jumatatu, 3 Machi

Wifi, mke wa kaka yangu, kanikokota asubuhi hadi shuleni kwake. Ni mkutubi wa shule ya sekondari, mwaka wa kumi na nne sasa. Shule inatengeneza tovuti ya maktaba, wanataka mtu wa kuandika maneno. Nikamwambia mimi ni ripota, si mtunga matangazo. Akanijibu: "Wifi, umekuja kwangu likizo na kabati langu la vyombo umeshalipanga upya mara mbili. Twende ukasumbue watu wengine."

Ukurasa wa mbele ulivyo leo: picha ya Mkuu wa shule, picha ya lango, ukaribisho wa Mkuu wenye aya saba, maandishi yanayotembea, wimbo wa shule unaoanza wenyewe. Neno "kitabu" linaonekana mara ya kwanza aya ya tano. Kwa simu yangu umefunguka baada ya dakika moja na sekunde arobaini. Mwalimu wa kompyuta – wanafunzi wanamwita Fundi Waya – anasema kwake unafunguka mara moja. Kwake ni kwenye kompyuta ya shule. Wanafunzi wataufungua kwa simu za wazazi.

Nikauliza tovuti ni ya nani. Mkuu: ya bodi, wanakuja kuiona Alhamisi ya wiki ijayo. Wifi: ya watoto. Fundi Waya alikuwa anatafuta pa kuzimia ule wimbo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa kando ya meza ya wifi tangu kengele ya kwanza, naandika kila swali. Maswali hamsini na nane. Waliotaja jina kamili la kitabu: wanne.

Waliobaki: "Kile cha mifupa." "Kile chenye mlima juu." "Kile alichonacho yule dada mrefu, akimaliza." Mmoja alitaka chochote kisicho kinene. Wifi hababaiki, ananyoosha mkono na kutoa. Mifupa ni baiolojia, rafu ya nne. Mlima ni jiografia, toleo la zamani – jipya lina mto.

Mchana nikampa Fundi Waya hesabu yangu. Wimbo utoke, aya saba zitoke. Juu kabisa kisanduku kimoja: Unatafuta nini? Waandike mifupa, mlima, watakavyo. Chini yake kingine: Muulize mkutubi. Na swali na jibu lake vionekane hapo hapo kwa wote, wifi asijibu la mifupa mara ishirini.

"Na picha ya Mkuu?"

Iende chini.

"Chini wapi?"

Chini kabisa.

"Hilo utamwambia wewe, dada. Mimi nina watoto."

Nimemwambia. Alinuna kama dakika tatu, kisha akauliza kama angalau itakuwa ya rangi.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi ya kuingiza kadi za vitabu kwenye tovuti. Fundi Waya anasoma kadi, mimi nahakiki rafuni, yeye anaandika Kipo au Kimeazimwa. Kabla ya saa nne vitabu saba vilikuwa "Kipo" kwenye kadi na rafuni havipo. Nikadhani vimepangwa vibaya. Havikupangwa vibaya. Vyote ni vya darasa la mtihani, vyote vina neno moja kwenye kadi, Kimerudishwa, na sahihi ya wifi. Hadi mchana vimefika ishirini na saba.

Nimemuuliza wifi tukiwa peke yetu, stoo, kati ya maboksi ya chaki. Hakuzunguka. Mwanafunzi anayeacha shule hapewi barua ya kuondoka mpaka arudishe vitabu. Wanaoacha – kwa ujauzito, kwa kuuguza mama, kwa lolote – wengine wanasoma nyumbani wafanye mtihani kwa kujitegemea. Wifi anasaini kwamba wamerudisha. Wanaondoka na barua, na kitabu kwapani. Mtihani ukiisha wanaleta. Sasa hivi ni watu kumi na tisa.

Nikauliza ni wangapi hawajawahi kuleta. Wawili, kwa miaka sita. Mmoja alifariki.

"Wifi, uhalifu umeuanza lini?"

"Siku niliyokubali posa ya kaka yako. Usinichekeshe. Mkuu akijua, kazi sina."

Ni kweli, hana. Sahihi ni yake, na chini ya kila moja kuna ya Mkuu. Mkuu alisaini kwa kumwamini.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi Waya si mjinga. Kaniuliza hivyo ishirini na saba aviandikeje. Nimesema tu kwamba pasiandikwe Kipo kwa kitabu kisichokuwepo. Mtoto atatembea bure. Basi badala yake tumeweka: Muulize mkutubi. Ukibonyeza unapelekwa kwenye kisanduku cha maswali.

Wifi kaipenda sana. Si uongo, kasema. Nimeandika kuhusu ujanja wa namna hiyo magazetini miaka mingi, na huwa ni mimi ninayeyafukua.

Jumatatu, 10 Machi

Tovuti imefunguliwa kwa wanafunzi. Kwa simu: sekunde tisa. Maswali thelathini na moja hadi jioni. Mifupa iliulizwa mara moja tu. Mkuu kapita na kusema bodi itafurahi. Picha yake ni ya rangi.

Jumatano, 12 Machi

Saa tatu na nusu swali hili lilitokea kwenye ukurasa wa mbele: "Shikamoo mwalimu. Nimetafuta kile cha kemia nione kama mmeweka kingine, naona kimeandikwa nikuulize wewe. Mbona ninacho mimi. Nipo sura ya tisa. Sasa mtihani ukiisha nirudishe kwa nani, nisikuletee matatizo?" Na jina lake kamili. Aliacha shule mwaka jana.

Kisanduku nilikibuni mimi. Kuacha maswali wazi, mimi. Kuwaelekeza huko, mimi. Sikufikiria kwamba wenye vitabu nao wangetafuta. Fundi Waya alikuwa darasani, na wa kufuta ni yeye peke yake.

Mkuu aliliona swali kabla yake. Alikuja maktaba mwenyewe, hakutuma mtu. Alimwambia wifi, "Mwalimu, naomba tuzungumze ofisini kwangu." Akanigeukia. "Wewe hufichi idadi, ndiyo kazi yako. Andika vitabu vya namna hii viko vingapi, uniletee kengele ya mapumziko ikilia. Kesho bodi inakaa. Nataka nijue kabla yao."

Wifi kanikabidhi simu yake, ile anayojibia maswali ya kisanduku, bila kuniangalia. Hakusema niandike nini.

Niko kwenye benchi, nje ya ofisi. Mlango umefungwa, sauti hazisikiki. Nimeshaandika 27 kwenye karatasi, nimeikunja.

Fundi Waya kaja mbio, jasho. Kamwuliza karani wa Mkuu kama afute. Karani kaingia na kutoka: Mkuu anasema kisiguswe kitu.

Saa nne kasoro dakika mbili. Mwingine kaandika chini ya yule wa kwanza: "Hata mimi ninacho, cha fizikia, nitaleta." Kisha cha hesabu. Kisha viwili kwa mpigo. Wanadhani wanaulizwa. Vimefika vitano.

Kengele imelia. Sijanyanyuka.

Saa nne na dakika kumi na mbili. Jibu limetokea chini ya swali la kemia, kwa jina la Mkutubi: "Soma. Utarudisha ukimaliza." Simu ya wifi ninayo mimi. Kompyuta iliyomo humo ndani ni moja, ya Mkuu, iko upande wake wa meza.

Sasa limetokea la fizikia.