Masereka ni wa Tatu

Bulembia, Kasese
16 Machi 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, japo ni kwenye karatasi. Mmeamkaje huko Bwera, wewe na Baba Yonasani? Goti lako linaendeleaje tangu harusi yetu, ambako ulicheza kuliko wasichana wote? Sisi ni wazima. Nobert anakohoa kidogo kwa vumbi la kahawa kule stoo anakofanya kazi, lakini ninamchemshia tangawizi. Huinywa huku akinitazama mpaka inapoa.

Ninaandika kwa sababu mwanao anasema simu yako ya vitufe hukukera, na kwa sababu mimi bado sijui Kikonzo na wewe hujui Kiacholi, basi tukutane kwenye Kiswahili. Kasereka, yule Mkongomani wa vitenge, atakuletea barua hii akirudi mpakani.

Mama, sijui kama inafaa mtu kumwandikia mama mkwe wake kwamba ana furaha kiasi hiki. Lakini nimwambie nani? Baba yangu ni askari, hata mama humwita afande, nikimwambia nampenda mume wangu atanijibu, "Vizuri, endelea." Naandika jina langu jipya kila mahali. Lanyero Masereka. Juzi nililiandika kwa kidole kwenye unga wa mihogo kabla ya kusonga, na Nobert akanizuia nisiukoroge mpaka alipoupiga picha.

Jioni tukishakula tunakaa kwenye ngazi na simu moja, tunasoma ensaiklopedia ya mtandaoni. Ni kama kitabu cha kila kitu duniani, kisicho na ukurasa wa mwisho, na watu wa nchi zote ndio wanaokiandika. Unaanza na kahawa, unabonyeza neno moja, unajikuta kwenye nyota. Sheria yetu ni kwamba kila mmoja alete ajabu yake. Je, ulijua kwamba pweza, yule mnyama wa baharini mwenye mikono minane, ana mioyo mitatu? Nobert akasema yeye angekuwa nayo mitatu angenipa yote, abaki na figo. Na kuna mnyama wa Australia aitwaye wombati ambaye kinyesi chake hutoka na pembe, kama vipande vya sabuni. Na kuna sayari ambayo siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake. Nilimwambia Nobert tuhamie huko, siku yetu ya harusi isiishe.

Pamoja na barua utapokea samaki wa moshi. Nilikwenda mwenyewe hadi Kahendero, ziwani, nikachagua wakubwa.

Uliahidi kuja kuiona nyumba yetu kahawa ikiisha kuvunwa. Kiti chako nimekishonea kitambaa cha manjano.

Binti yako, kama utaniruhusu,
Lanyero Masereka


Bwera
2 Aprili 2025

Kwako mutoto wangu Lanyero,

Habari ya huko? Sisi tuko, Mungu anasaidia. Goti iko vile vile, ikiona mvua inanung'unika. Muzee anawasalimia, anasema Nobert afunge kitambaa kwa pua akiwa kazini, aache kudeka.

Barua yako nilisoma mbele ya Ketura, jirani yangu, tukacheka mpaka akamwaga maharagwe. Anauliza kama ile mnyama ya sabuni wanaweza kutuletea mbili hapa Bwera, maana sabuni imepanda bei. Na yule wa mioyo tatu, masikini. Mimi moja tu inanipa kazi ya kutosha.

Samaki ni mazuri, asante kwa mukono yako. Nimepatia Ketura. Hapa kwetu samaki haiingii nyumbani, Nobert hakukuambia. Si kosa yako.

Pasaka mukuje. Ulete hiyo kitabu yako ya simu, watu wasikie. Na mwezi wa sita nitakuja Bulembia. Nilisema, nimesema.

Mambo ya kuomba ruhusa uache. Binti ni binti.

Ni mimi,
Mama Nobert


Bulembia
23 Aprili 2025

Mama,

Sijui nikusalimu vipi. Mmeamkaje, nauliza nikiwa nimeinamisha kichwa. Je, ulipata usingizi tangu tuondoke? Mimi sijaupata.

Acha nirudie nilichofanya, chote, usije ukadhani ninajificha. Watu walikuwa wameshiba. Nilikuwa nimesoma habari za wombati mara ya pili kwa sababu Ketura aliomba, sebule nzima ilikuwa inacheka, nami nikalewa na kicheko chao. Nikasema ngojeni, ninayo ajabu ya kwenu wenyewe. Nikawasomea kwamba Wakonzo huwaita watoto kwa zamu ya kuzaliwa: mwana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na wasichana vivyo hivyo na majina yao. Nilikuwa nimeyasoma asubuhi ile ile njiani. Mama, nimekaa Kasese tangu kidato cha tatu, baba alipohamishiwa kambi ya hapa. Nimesoma darasa moja na akina Bwambale tele, nikidhani ni jina la ukoo kama yalivyo ya watu wengine. Nikazunguka nikimtajia kila mgeni zamu yake. Walicheka kama watu wanavyomcheka mtoto aliyekuja mbio kuwaambia kwamba moto unachoma. Mimi nikadhani wanashangaa.

Ndipo nikafika kwa mume wangu. Nikasema, "Masereka, wa tatu. Na mimi niliambiwa nimeolewa na kifungua mimba. Mama, Baluku na Bwambale mmewaficha Kongo?"

Hakuna aliyecheka. Baba akafungua redio. Wewe ukachukua beseni la kunawia, ukaenda jikoni, na hukurudi hata kutuaga. Ketura ndiye aliyetusindikiza.

Nobert alingoja mpaka tukafika njia panda ya Kikorongo. Hapo akaniambia kwamba walikuwepo. Kwamba mliishi Kahendero, Baba akivua samaki, na ziwa likawachukua wote wawili siku moja, yeye akiwa hajazaliwa. Hata yeye hakuyasikia kwenu, aliambiwa na watoto wenzake shuleni. Nilimuuliza kwa nini alininyamazia. Akasema, "Nyumbani hatusemi. Nilidhani jina limeshakuambia."

Nami nilikuwa nimekuletea samaki wa ziwa lile lile. Nilichagua wakubwa, nikakuandikia kwamba nimechagua wakubwa. Na wewe ukanijibu si kosa yako.

Siombi unisamehe upesi. Naomba tu aibu yangu isimnyime Nobert ugeni wako. Ukitaka, siku utakayokuja mimi nitakwenda kwa wazazi wangu kambini.

Mkweo,
Lanyero


Bulembia
11 Mei 2025

Mama,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, na goti limetulia sasa mvua zikipungua. Nobert amepona kikohozi. Kasereka anasema barua yangu uliipokea, ukaitia mfukoni bila kuifungua, ukamuuliza bei ya vitenge.

Nina lingine la kusema, na ni bora ulisikie kwangu.

Nilikuwa natafuta namna ya kurekebisha. Nikafungua ile ensaiklopedia, ukurasa wa Kahendero. Ni maneno machache, kijiji, ziwa, samaki. Nikaona nami ninaweza kuandika, maana kila mtu anaruhusiwa. Nikaongeza mstari mmoja: "Hapa waliishi Baluku na Bwambale, wana wa Yonasani na Bulandina." Nililia nikiandika, nikajiona nimefanya jambo jema. Jioni nikafungua nimwonyeshe Nobert, mstari haupo. Mtu fulani, sijui wa nchi gani, alikuwa ameufuta, akaacha maelezo kwamba habari hii haina ushahidi.

Nobert hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulimuuliza Mama?"

Sikukuuliza. Mara ya kwanza nilisema bila kujua, na hii ya pili nilijua. Nimewatoa wanao mbele ya watu wasiowajua, nikawafanya wafutwe tena. Tangu siku hiyo jioni hatusomi. Nobert hukaa kwenye ngazi, mimi huosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mkweo,
Lanyero


Bulembia
8 Juni 2025

Mama,

Mmeamkaje? Huku ni salama.

Leo sina ajabu yoyote. Mwezi wa sita umefika. Kiti cha kitambaa cha manjano kipo, hakuna anayekikalia. Wageni wakija, Nobert huwapa ndoo waigeuze. Nilitaka tu ujue hilo.

Lanyero


Bwera
22 Juni 2025

Kwako mutoto wangu,

Habari ya huko? Sisi tuko. Mavuno imeisha, mikono inauma lakini kahawa iko mingi na ni safi, tunashukuru.

Nilikasirika. Sitakudanganya. Siku ile jikoni nilisugua ile beseni mpaka Ketura akaninyang'anya. Nikamwambia, huyu mutoto wa kambi amefungua mulango ya watu bila kubisha. Barua yako ya kwanza kiisha Pasaka nilitembea nayo ndani ya gauni yangu ya gomesi, imefungwa. Ya pili ilipofika nikasoma zote mbili pamoja. Ya tatu, ile ya kiti, nikakaa chini.

Sasa sikia kwa mudomo yangu, si kwa Nobert, yeye hakuwako.

Walikuwa wanachezea ndani ya mutumbwi ya baba yao. Ilikuwa imefungwa. Mimi nilikuwa naanika nguo, nawasikia wanacheka, nikafurahi kuwa wanacheka. Kamba ikaachia. Kicheko ikaenda mbali kidogo kidogo, na mimi bado naanika. Baluku alikuwa anajua kuogelea, Bwambale hapana. Ndiyo sababu tulipoteza wote wawili.

Nilikuwa na mimba ya Nobert. Alipozaliwa, watu wa kwa Yonasani wakakuja, wakasema huyu mumuite Baluku, muanze upya, yale ingine isahaulike. Walinisema sana. Nikakataa. Niliwaambia huyu ni wa tatu, aitwe Masereka. Nilifikiri kila mutu akimuita atahesabu kwa kichwa yake moja, mbili, tatu, na watoto wangu watakuwa wamepita hapo. Sikuwa na kingine ya kuwapa.

Lakini watu wanazoea. Waliita Masereka, Masereka, kama wanaita kuku. Mimi pia nikazoea kunyamaza. Hakuna mutu aliniuliza ile mbili iko wapi, kwa sababu wote wanajua. Wewe ni mugeni, hukujua, ukauliza, tena na kicheko. Iliniumiza sana. Kiisha nikaona kwamba hiyo swali ni mimi nilikuwa nimeiweka pale, na nilikuwa naingojea.

Ile kitabu yako inataka ushahidi. Iache. Ushahidi ni mimi niliyewazaa, na mimi sikai ndani ya simu. Lakini usifanye tena jambo ya watoto wangu bila kuniuliza. Hiyo nakuambia kama mama, na sitaisema mara ingine.

Barua zako nilimusomea Yonasani. Aliposikia hiyo ya mustari kufutwa, alizima redio. Akasema, "Baluku alikuwa na pengo hapa, meno ya mbele." Nikamwambia hapana, alikuwa nayo upande huu. Tukabishana mpaka chakula ikapoa. Tangu tutoke Kahendero hatujabishana hivyo.

Jumamosi nitakuja na gari ya asubuhi. Wewe usiende kambini, ukienda nitakufuata huko na nitamusalimia afande na gomesi yangu ya kahawa. Usipike samaki. Hiyo bado, labda siku ingine. Pika bundu, ugali ya muhogo, na sombe ya majani yake. Na murudi kwenye ngazi, usiache bwana yako anakaa peke yake kama mulinzi. Nikifika munisomee tena ya yule mnyama wa mioyo tatu. Nataka kujua, mbili ikisimama, anaendelea namna gani.

Jina yako uandike yote tena, kwenye unga na kwenye barua. Niliona umeipunguza. Ni jina ya mume wako, lakini ni mimi niliichagua.

Na ukinipokea pale kituoni, usiniite Mama Nobert. Watu waliniita jina ingine kabla ya hiyo. Ndiyo utaniita, hata wakigeuka kutuangalia.

Mama yako,
Mama Baluku