Mbuzi Yako Kando ya Mlango

Mama,

Ile stoo ya makaa nyuma ya nyumba sasa iko tupu. Usinune. Kaka Athumani, tangu aanze kazi hotelini kule Shelly Beach, hana wimbo ila sauna, kile chumba cha kujifukiza kwa joto, na mwishowe nimemkubalia tujenge yetu hapa Kisauni. Fundi Mutua wa Magongo alicheka hadi akakaa chini. "Dada, Mombasa yote ni sauna, ingine ya nini?"

Hakujua kuwa wewe ulianza zamani, kwa sufuria ya mwarobaini na blanketi. Nani mtaani hukumfukiza? Wenye mafua, waliojifungua, maharusi. Tangu uondoke, wakija nawarudisha. Nawaambia sijui. Wallahi najua, Mama. Naogopa tu kukaa pale ulipokaa wewe.

Jumamosi tulichora ramani kwa chaki sakafuni. Jiko la mawe pembeni, benchi ukuta wa nyuma, mlango ufungukie nje ili mtu akizidiwa ausukume tu. Nikajiona mhandisi. Athumani akaniambia niketi ndani ya chaki nijaribu. Nikaketi, nikafumba macho, na mkono ukaenda wenyewe kutafuta pindo la blanketi, pale wewe ulipokuwa ukilishika kwa nje ukiniambia, "Niko papa hapa, mwanangu. Toa pumzi." Mkono haukugusa kitu. Nililia mbele ya fundi, wala sikuona haya.

Tulikuwa tumepima pa kukaa mwenye kufukizwa, tukasahau pa kukaa mfukizaji.

Basi tukafuta. Benchi tumelifupisha, na kando ya mlango, chini ambako joto ni jepesi, tumeacha nafasi ya mbuzi yako ya kukunia nazi, ile uliyokuwa ukiikalia huku meno yake umeyafunga kitambaa yasikuchane. Mutua akauliza kama sauna za hotelini zina mbuzi. "Hazina," Athumani akamjibu, "ndiyo maana wageni hutoka mbio." Tulicheka, Mama. Nyumba ilikuwa haijacheka siku nyingi.

Rukia wa jirani anaolewa mwezi ujao. Mamake alikuja juzi kuuliza, kwa woga, kama nitamfukiza, maana dadake Rukia mkubwa nilimkatalia alipoolewa. Nimemwambia amlete.

Mungu akulaze pema, Mama. Nakuahidi, hataingia mtu mle akawa peke yake. Akinyoosha mkono, atanikuta.

Mwanao,
Mwanaidi